Tiba Inayotangulia Ushahidi: Kifua Kikuu cha Utando wa Ubongo katika Nyanda za Oldonyiro

Kifua kikuu hujulikana na wengi kwa kikohozi chake, lakini vimelea vyake havifungwi na mapafu: husafiri katika damu, hutua katika tezi, mifupa na figo, na kwa mgonjwa mmoja hadi watano katika kila mia hufika kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Aina hiyo ya mwisho ndiyo inayoua kuliko zote. Makadirio ya mwaka 2019 yaliweka idadi ya watu wazima walioipata duniani kuwa takriban 164,000, na ya waliofariki kuwa takriban 78,000, yaani karibu nusu yao, huku wengi wa walionusurika wakibaki na uziwi, upofu, kupooza upande mmoja wa mwili au kupungukiwa na akili. Tofauti na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wengine, ambayo humwangusha mtu mzima wa afya kati ya asubuhi na jioni, hii ya kifua kikuu huanza kwa dalili hafifu zinazochukua wiki mbili au tatu kabla ya kujidhihirisha, na kipindi hicho ndicho pekee ambacho dawa huweza kumrudisha mgonjwa akiwa mzima kama alivyokuwa.

Wadi ya Oldonyiro, iliyoko magharibi mwa Kaunti ya Isiolo inakopakana na Laikipia na Samburu, ni mahali ambapo kipindi hicho hupotea kwa urahisi. Wakazi wake wengi ni Wasamburu, pamoja na Waturkana na jamii nyingine za wafugaji, wanaohama na ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wao kufuata malisho na maji. Mji wenyewe unajulikana zaidi kwa soko lake la mifugo, na njia ya kwenda mji wa Isiolo kupitia Kipsing hukatwa na laga, yaani mito ya msimu ambayo hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hufurika kwa saa chache na kuzuia magari. Nyumba za manyatta ni za chini, zina giza na moshi, na familia nzima hulala humo, hali inayompa mtu mzima mwenye kikohozi cha kifua kikuu nafasi ya kuwaambukiza watoto wote waliomo. Utafiti wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika kila watu 100,000 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 558 walikuwa na kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabara, na sehemu kubwa yao ilikuwa haijafikiwa na matibabu. Chanzo cha maambukizi, basi, kipo, na hakihitaji kutafutwa mbali.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kinachowaangamiza wagonjwa wa sehemu kama hii, kwa kiasi kikubwa, si ukosefu wa dawa, ambazo hutolewa bure na serikali, wala si ukosefu wa mashine za kupimia peke yake, bali ni kuchelewa kwa uamuzi. Mfumo wa afya umezoea kumtaka tabibu alete ushahidi ndipo atibu, wakati ugonjwa wenyewe ni ule ambao ushahidi wake mara nyingi haupatikani kamwe, na ukipatikana huja ubongo ukiwa umekwisha kuharibika.

Ili kuelewa sababu ya haraka hiyo, yafaa kufuata njia ya kimelea ndani ya mwili. Mwaka 1933 wanapatholojia wawili wa Marekani, Arnold Rich na Howard McCordock, walionyesha kwamba vimelea vya kifua kikuu kwa kawaida havishambulii utando wa ubongo moja kwa moja kutoka kwenye damu, bali huanza kwa kujenga kidonda kidogo ndani ya ubongo au pembeni mwa utando, kidonda ambacho huweza kutulia kwa miezi au hata miaka kabla ya kupasuka na kumwaga vimelea katika maji yanayouzunguka ubongo, ambayo kwa urahisi huitwa maji ya uti wa mgongo. Madhara yanayofuata husababishwa na vimelea, lakini husababishwa zaidi na hasira ya kinga ya mwili yenyewe. Ute mzito unaofanana na gundi hujikusanya chini ya ubongo, mahali ambapo neva za macho na uso hupita, ambapo mishipa mikuu ya damu huingia, na ambapo maji ya ubongo hutafuta njia ya kutoka. Neva zikibanwa, mgonjwa huona vitu viwili viwili au hupata kengeza la ghafla. Mishipa ikivimba na kuziba, sehemu za ndani za ubongo hufa kwa kukosa damu na mgonjwa hupooza. Njia ya maji ikifungwa, maji hujaa ndani ya ubongo na kuleta kichwa maji, shinikizo, kutapika na hatimaye kupoteza fahamu.

Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliugawa ugonjwa huu katika madaraja matatu ambayo bado hutumika, yakiwa yamerekebishwa kidogo. Katika daraja la kwanza mgonjwa ana fahamu kamili na hana dalili za neva. Katika la pili amechanganyikiwa au ana kasoro ya neva kama vile kengeza au udhaifu wa mkono. Katika la tatu amezama katika usingizi mzito au amepooza kabisa. Kabla ya streptomisini, dawa iliyotangazwa mwaka 1944, madaraja hayo yalikuwa vituo tu katika safari ya kifo, kwa kuwa karibu kila mgonjwa alifariki. Baada ya dawa kupatikana, daraja ambalo mgonjwa huanza kutibiwa ndilo limekuwa kigezo kikuu cha hatima yake: wengi wanaoanza dawa katika la kwanza hupona, na wengi wanaoanza katika la tatu hufa au hubaki na ulemavu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti nyingi za watoto waliotibiwa, ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano alifariki na kwamba zaidi ya nusu ya walionusurika walikuwa na hitilafu za neva. Hao ni watoto waliopata dawa. Asiyetibiwa hana takwimu mbili. Ana moja tu.

Je, katika daraja la kwanza mgonjwa anaonekanaje? Mtu mzima huwa na homa ya kupanda na kushuka, maumivu ya kichwa yasiyotulizwa na vidonge, uchovu, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku. Mtoto hukataa kula, huacha kucheza, hulia akiguswa, hutapika bila kuharisha, na uzito wake husimama au hushuka. Kukakamaa kwa shingo, dalili ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuitafuta, huweza kukosekana kabisa katika siku hizo, hasa kwa watoto wachanga na kwa watu wenye VVU. Mara nyingi mabadiliko ya tabia ndiyo ya kwanza kutambuliwa, na kwa kawaida anayeyatambua ni mama: morani aliyekuwa hodari wa kuchunga anaanza kupoteza mbuzi, mtoto mchangamfu anakaa peke yake kivulini. Maneno ya namna hiyo hayana safu katika daftari la zahanati, na kwa sababu hiyo hayaandikwi.

Hapo ndipo jina lingine hubandikwa juu ya ugonjwa. Homa katika nyanda za wafugaji huitwa malaria kwanza, taifodi pili, na ikidumu huitwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaowafanya mifugo watupe mimba na unaomwingia binadamu kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma la mnyama. Brusela ni ugonjwa wa kweli na umeenea kati ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo tabibu anayeufikiria hakosei. Tatizo lipo katika kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika kwa wingi katika vituo vya afya vya Kenya, kile cha kuchanganya tone la seramu ya damu na antijeni iliyotiwa rangi na kutazama kama mchanganyiko utagandamana, ulikuta kwamba utendaji wake ni duni na kwamba wengi wanaoambiwa wana brusela kwa kipimo hicho hawana. Kipimo cha taifodi cha aina hiyo hiyo kina udhaifu wa aina hiyo hiyo. Mgonjwa mwenye homa ya wiki mbili ambaye anafika kituoni na kupimwa vyote viwili ana nafasi kubwa ya kutoka na karatasi yenye alama ya kujumlisha mahali fulani, na alama hiyo hufunga mlango wa fikra.

Madhara ya kosa hilo huzidi kupotea kwa siku. Tiba ya brusela huchukua wiki sita, nayo huunganisha doksisaiklini na rifampisini, au na sindano za streptomisini au jentamaisini. Rifampisini na streptomisini ni dawa za kifua kikuu. Mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo anayepewa rifampisini kwa jina la brusela huweza kupata nafuu ya siku kadhaa, jambo linalomhakikishia kila mtu kwamba utambuzi ulikuwa sahihi, huku kwa hakika vimelea vyake vikipigwa na dawa moja tu inayofaa, ambayo ndiyo njia ya uhakika ya kuvifundisha kuihimili. Dawa za jamii ya siprofloksasini, ambazo hutolewa kwa taifodi, nazo hukandamiza vimelea vya kifua kikuu kwa muda na kuficha dalili. Kuna hata mkanganyiko wa ndani zaidi: brusela yenyewe mara chache huingia katika utando wa ubongo, na maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wake hufanana sana na ya mwenye kifua kikuu. Hata hivyo kanuni moja huweza kukata sehemu kubwa ya msitu huu. Kanuni ya upimaji iliyotengenezwa nchini Vietnam na kuchapishwa mwaka 2002, kwa ajili ya kutofautisha kifua kikuu na bakteria wengine wa utando wa ubongo, iliweka uzito mkubwa juu ya jambo lisilohitaji maabara yoyote, nalo ni kama dalili zimedumu siku sita au zaidi. Homa yenye maumivu ya kichwa iliyopita siku sita, ambayo haikusikia dawa ya malaria, inastahili sindano ya mgongo kabla ya kupewa jina la tatu.

Sindano ya mgongo ndiyo kiini cha utambuzi, na ndiyo inayoogopwa kuliko hatua nyingine yoyote. Familia nyingi huamini kwamba sindano hiyo hupoozesha au huua. Imani hiyo si ujinga: imejengwa juu ya kile ambacho watu wameona kwa macho yao, kwa kuwa sindano kwa kawaida huchomwa mgonjwa akiwa tayari katika daraja la tatu, na kifo kinachofuata baada ya siku mbili hupewa sindano kama sababu. Kinachopaswa kuelezwa ni kwamba uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ilhali sindano huingizwa chini zaidi, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea. Na kwamba mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, hivyo mililita kumi zinazochukuliwa hurudishwa ndani ya muda mfupi. Kuna hali ambazo sindano huahirishwa, kama vile mboni za macho zisizolingana, kupoteza fahamu kabisa, kupooza upande mmoja au maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma, na wagonjwa wa namna hiyo huhitaji picha ya ubongo kwanza. Kinachoahirishwa ni sindano, si dawa.

Maji yakitoka, kuyatazama tu huanza kueleza. Ya kifua kikuu kwa kawaida ni angavu au yana ukungu kidogo, tofauti na usaha wa bakteria wengine, na yakiachwa yatulie katika chupa huweza kutengeneza utando mwembamba juu yake. Chini ya darubini chembechembe nyeupe za damu huwa mia moja hadi mia tano kwa kila maikrolita, nyingi zikiwa limfosaiti, ambazo ni askari wa vita virefu. Protini hupanda, mara nyingi kupita gramu moja kwa lita, na sukari hushuka chini ya nusu ya ile iliyomo katika damu. Ulinganisho huo wa mwisho unadai kidole kitobolewe na sukari ya damu ipimwe saa ile ile, kazi ya dakika moja kwa kifaa ambacho zahanati nyingi zinacho kwa ajili ya kisukari, na ambayo husahauliwa mno kiasi kwamba nambari ya sukari ya maji ya mgongo mara nyingi huandikwa peke yake, bila kitu cha kuilinganisha nacho. Mgonjwa mwenye VVU hupimwa pia antijeni ya kriptokokasi, kuvu ambao huleta ugonjwa unaofanana na huu na ambao tiba yao ni tofauti kabisa. Kipimo hicho ni cha ukanda, hutumia tone na hujibu kwa dakika kumi.

Kuhusu kukiona kimelea chenyewe, historia ni ya kukatisha tamaa. Idadi ya vimelea katika maji ya mgongo ni ndogo mno, hivyo darubini ya kawaida huvikuta kwa mgonjwa mmoja au wawili tu katika kila kumi, na kuviotesha maabara huchukua wiki mbili hadi sita, muda ambao mgonjwa hana. Mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta chembe za urithi za kimelea na hujibu kwa muda wa chini ya saa mbili, ilibadilisha hali, na toleo lake la Ultra, lililopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, likaibadilisha zaidi: toleo la zamani lilihitaji vimelea zaidi ya mia moja kwa mililita, na Ultra huridhika na takriban kumi na sita. Ushahidi mmoja wa nchi jirani ulitoka Mbarara, magharibi mwa Uganda, katika utafiti wa watu wazima 129 wenye VVU uliochapishwa mwaka 2018, ambamo Ultra iliwatambua asilimia 70 ya waliokuwa na ugonjwa huu kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, wakati toleo la awali na uoteshaji kila kimoja kilitambua asilimia 43. Mafanikio hayo husomwa na wengi kama habari njema, nayo ni njema, lakini yana upande wa pili unaopaswa kusomwa kwa sauti katika kila wodi: wagonjwa watatu katika kila kumi walikuwa na ugonjwa na mashine bora kabisa ilisema hawana. Jibu la hapana kutoka kwenye mashine, kwa ugonjwa huu, si hukumu ya kumwachilia mshtakiwa. Mashine hupewa pia nafasi ndogo ya kufanya kazi pale inapotumiwa mililita moja ya maji iliyobaki baada ya vipimo vingine, ilhali kiasi kinachofaa kwa mtu mzima ni mililita sita hadi kumi, yazungushwe katika mashinepewa ili vimelea vitue chini, na kile kilichotua ndicho kipimwe.

Kwa hiyo uamuzi hubaki mikononi mwa binadamu. Mwongozo wa Kenya huagiza mgonjwa mwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo apewe kwa miezi miwili dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha kwa miezi kumi rifampisini na isoniazidi, mwaka mmoja kwa jumla. Urefu huo una historia ambayo Afrika Mashariki inaweza kujivunia. Tiba ya miezi sita ya kifua kikuu cha mapafu, inayotumika leo dunia nzima, ilithibitishwa kwa mara ya kwanza katika majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972; kabla ya hapo mgonjwa alimeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu. Ubongo, hata hivyo, una ukuta wake wa kuchuja damu, na dawa haziuvuki kwa usawa. Isoniazidi na pirazinamidi hupita vizuri, ethambutoli hupita kwa shida, na rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba katika mapafu, huingia kwa sehemu ya kumi au mbili ya kumi tu ya kiwango chake katika damu. Ilionekana kuwa busara kuiongeza, lakini jaribio kubwa lililofanyika Uganda, Afrika Kusini na Indonesia, la kuwapa watu wazima rifampisini ya kumeza zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida, halikupunguza vifo. Mwenye kutafuta muujiza katika kipimo cha dawa hajaupata bado. Siku ya kuanza dawa ndiyo iliyobaki kuwa na nguvu kubwa kuliko yote.

Pamoja na dawa hizo nne hutolewa deksamethasoni au prednisoloni, dawa za jamii ya steroidi zinazotuliza hasira ya kinga, kwa wiki sita hadi nane huku kiwango kikishushwa polepole. Jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2004, la wagonjwa 545, lilionyesha kwamba deksamethasoni ilishusha vifo kutoka asilimia 41 hadi 32, ingawa haikupunguza ulemavu mkubwa kwa waliopona. Kwa wenye VVU hali haikuwa wazi hivyo: jaribio la Vietnam na Indonesia lililochapishwa mwaka 2023 halikuona faida ya kuokoa maisha kwao, lakini halikuona pia madhara ya kutisha, na kwa sababu hiyo matabibu wengi wameendelea kuitoa. Mgonjwa wa VVU ambaye hajaanza dawa za kupunguza makali hucheleweshwa makusudi wiki nne hadi nane baada ya kuanza za kifua kikuu, kwa kuwa kinga inayoamka ghafla huweza kuuvimbisha ubongo ambao tayari umebanwa. Kichwa maji kikitokea, huenda mgonjwa akahitaji mrija wa kupitisha maji kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, upasuaji ambao kutoka Oldonyiro humaanisha safari ya Nairobi au ya Hospitali ya AIC Kijabe, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kituo mashuhuri cha watoto wa hali hiyo.

Swali gumu ni lile la mahali ambapo kidonge cha kwanza kinapaswa kumezwa. Desturi ni kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, au kuvuka mpaka wa kaunti kwenda Nanyuki au Wamba, na kuuachia utambuzi na tiba upande wa huko. Kwa mgonjwa wa mjini mpangilio huo una mantiki. Kwa wa Oldonyiro humaanisha siku ya kutafuta gari, siku ya njiani, siku ya kupangwa foleni, siku ya kusubiri mtaalamu, na mwishoni mwa wiki maabara huenda ikawa imefungwa. Hoja ya wanaopinga kuanzia dawa kituoni ni nzito na haipaswi kupuuzwa: dawa hizi huweza kudhuru ini, mtu asiye na ugonjwa atafungwa kwa mwaka mzima katika matibabu, na mwenye kriptokokasi atapewa dawa isiyo yake. Lakini madhara ya ini huonekana na dawa husimamishwa, utambuzi mbaya wa mwanzo hurekebishwa baada ya majibu ya hospitali, na kriptokokasi hupimwa kwa dakika kumi. Ubongo uliokufa kwa kukosa damu haurekebishwi na yeyote. Afisa wa kliniki wa kituo cha mbali anapaswa kuruhusiwa, kwa maandishi na bila kuogopa kulaumiwa, kumpa mgonjwa mwenye homa na kichwa cha zaidi ya siku sita, aliyebadilika fahamu au tabia, dozi ya kwanza ya dawa za kifua kikuu na ya deksamethasoni, pamoja na seftriaksoni kwa ajili ya bakteria wengine, kabla gari halijaondoka. Vipimo vitafuata njiani.

Mwaka mmoja wa dawa kwa familia inayohama ni suala ambalo kaskazini mwa Kenya liliwahi kulijibu kwa ubunifu. Mwaka 1976 huko Wajir, Annalena Tonelli, mwalimu Mwitaliano aliyefika nchini mwaka 1969, alianzisha mpango ambao wagonjwa wahamaji walijengewa manyatta karibu na kituo cha tiba, wakaishi humo kwa desturi zao wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Mpango huo uliigwa katika wilaya nyingine za kaskazini, na wazo la kumsimamia mgonjwa akimeza dawa likaja kuwa sehemu ya sera ya dunia. Ulifaa kwa sababu ulimchukulia mhamaji kama alivyo. Kwa mgonjwa wa utando wa ubongo, hata hivyo, haungetosha peke yake, kwa sababu yeye huhitaji wiki za kwanza kitandani, mrija wa puani wa kulishia na kupitishia dawa zilizosagwa, kugeuzwa asipate vidonda, na kuangaliwa chumvi ya sodiamu inayoshuka katika damu. Kisha, akirudi, huhitaji mazoezi ya viungo na mtu wa kumshika mkono, si kidonge tu. Kwa watoto mzigo umepungua kidogo: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu tiba kali ya miezi sita kama mbadala wa mwaka mzima, na vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji, vyenye ladha ya matunda, vilianza kutumika nchini Kenya mwaka 2016, kabla ya nchi nyingine yoyote.

Watoto hao ndio pia wanaoweza kukingwa. Chanjo ya BCG, iliyotumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, haizuii sana kifua kikuu cha mapafu cha watu wazima, lakini dhidi ya aina hii ya watoto ni ngao ya kweli. Dozi milioni 100 zilizotolewa duniani mwaka 2002 zilikadiriwa kuzuia visa karibu 30,000 vya kifua kikuu cha utando wa ubongo katika miaka mitano ya mwanzo ya watoto hao. Kikwazo cha Oldonyiro ni cha hesabu ya kichupa. Chupa moja ya BCG huwa na dozi ishirini, na ikishachanganywa maji hutupwa baada ya saa sita, kwa hiyo muuguzi mwenye mtoto mmoja mbele yake husita kuifungua na humwambia mama arudi siku ya kliniki, ambayo mama aliyejifungulia manyatta huenda asiione, kwa kuwa mifugo itakuwa imekwisha hama. Kufungua chupa kwa mtoto mmoja na kumwaga dozi kumi na tisa huonekana kuwa ubadhirifu hadi gharama hiyo inapolinganishwa na kitanda kimoja cha miezi miwili katika wodi ya watoto. Mwaka 2025, chanjo ilipoadimika katika sehemu nyingi za Kenya, hata hesabu hiyo haikuwa na maana.

Limebaki suala la maziwa, ambalo katika nyanda hizi halikwepeki. Kimelea ndugu wa kile cha kawaida, kinachokaa kwa ng'ombe, humwingia binadamu kwa maziwa mabichi na huweza kufika kwenye ubongo. Mashine ya GeneXpert haiwezi kuwatofautisha ndugu hao wawili, na yule wa ng'ombe kwa maumbile yake hasikii pirazinamidi, ambayo ni mojawapo ya dawa mbili zinazouvuka ukuta wa ubongo vizuri. Kuchemsha maziwa huondoa hatari hiyo na ya brusela kwa moto ule ule. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya watoto, chanzo si ng'ombe bali ni mtu mzima anayekohoa katika nyumba ile ile au katika kambi ya mifugo, ambaye pengine hajawahi kupimwa makohozi, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye ugonjwa huu ni taarifa kuhusu nyumba nzima. Nani anakohoa, nani wengine chini ya miaka mitano hulala humo, na familia inaelekea wapi na mifugo, ni maswali yanayopaswa kuandikwa katika barua ya rufaa yenyewe siku ile ile mtoto anapoondoka, ili mhudumu wa afya ya jamii aifuate familia na chupa za makohozi pamoja na tiba ya kinga ya miezi mitatu kwa wadogo waliobaki.